Mwanajuma Alivyokifukizia Udi Kipima Moshi

Mmenikera kwa ombi lenu la kuandikiwa kisa hiki, mie si karani, lakini haya. Mwanajuma, mkaanga samaki wa Bagamoyo, alitaka banda lake na wenzake lijengewe dohani ya kutolea moshi. Mtafiti Hafidha akatundika humo kipima moshi, ili majibu yapelekwe halmashauri. Mwanajuma kuona mgeni kaingia, akakifukizia udi mpaka kikapiga kelele.

Hafidha akaja mbio. “Bibi, umechoma nini?”

“Shikamoo kwanza! Nimekikirimu. Kwenu wageni hawafukiziwi?”

“Shikamoo. Umeniharibia vipimo!”

“Marahaba. Basi anza upya, udi umekwisha. Moshi wa kuni upo tele.”

Wakacheka, wakapima siku tatu. Moshi wa kuni peke yake ukawashtua wakubwa wa halmashauri, dohani ikajengwa, na Mwanajuma sasa hakohoi. Nawe uliyesoma, inuka ukafungue dirisha la jiko lako. Sasa hivi!