Mgonjwa Tuliyempeleka Kuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilihesabu wafungwa mara tatu, nikapata majibu matatu. Wamechuchumaa watano watano, mimi kofia inanishukia machoni. Sajenti akaniuliza, "Shule uliishia wapi?" Kidato cha pili, afande. "Hicho cha pili ulichungulia tu." Nyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, ndiye aliyenisaidia kuhesabu.

Nimelinda magereza mawili huku Ufipa, nikapanda cheo mara moja tu, koplo. Mke wangu anasema hata jogoo wetu amepanda juu zaidi.

Ukaguzi ulikuwa na taratibu zake. Hakimu akitaka kuja kuangalia hali za wafungwa, tunapaka chokaa, tunatoa mablanketi stoo, akishaondoka yanarudi. Siku hiyo hata maharage yanaonekana kwenye mchuzi. Wanaoumwa na wanaolalamika tunawatia kwenye gengi la kuni, wanaenda kutwa nzima milimani. Hakimu hawezi kumwuliza mtu asiyemwona.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, tulikuwa na mzee Sikazwe wa Muze. Kule bondeni ni joto, baridi yetu ya juu ikamwingia kifuani. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Akiomba hospitali anaambiwa anadeka.

"Afande," akaniambia, "kesho nibakishe. Nimwambie hakimu kifua changu. Maneno mawili tu."

"Mzee, mimi koplo. Hata mbuzi wangu hanisikilizi."

"Si wewe unayeandika gengi?"

Kweli, orodha niliandika mimi. Nikaruka jina lake. Mkuu wa gereza akaisoma taratibu.

"Sikazwe mbona simwoni?"

"Anaumwa, afande."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Akanirudishia orodha na kalamu. Nikaandika.

Asubuhi akaja hakimu, mama mmoja mpole. Akapita mbele ya mistari akiuliza nani ana shida. Mkuu amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Nani aseme? Hakimu akanigeukia mimi.

"Koplo, kuna mgonjwa?"

Nikapiga saluti nzuri kuliko zote za maisha yangu. "Hakuna, mheshimiwa."

Akaandika kwenye kitabu, akapanda gari.

Jioni wenzake walimrudisha Sikazwe wamembeba. Sasa hospitali ikaruhusiwa. Siku ya tatu akafa.

Mkewe alipanda kutoka Muze na unga wa ulezi wa kumpikia uji. Mkuu akanituma mimi nikampe habari, eti nina maneno ya kuchekesha watu. Nilimwambia, akakaa chini palepale getini. Baadaye akauliza, "Baba, alinitumia salamu kwamba ataongea na hakimu. Hakimu alikuja?"

"Alikuja, mama."

"Akamsikiliza?"

"Alimsikiliza."

"Basi asanteni," akasema. Akaniachia ule unga, maana hakuwa na wa kumpa.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi, nahesabu magunia na bado nakosea. Askari vijana wa gereza wakipita hunisalimia shikamoo, wanaomba mawaidha. Nawaambia, mkaguzi akija, mpelekeni kwanza kwenye gengi la kuni. Wanacheka sana. Wanajua mzee huyu ni mtu wa utani.

Muze si mbali. Bodaboda zinashuka na kupanda kila siku. Sijaenda. Nikienda nitamwambia nini yule mama, ambaye mpaka leo anajua mumewe alisikilizwa?