Siti ya Nyuma

Tangu treni ya kuporomoka, ile ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli za juu, ifungwe ili isukwe upya, mashabiki walishinda kwenye uzio wa bustani ya michezo wakibishana.

"Safari hii itapinduka kichwa chini!"

"Wee, acha uongo! Kwa reli zipi?"

Bibi Tokie, mjane wa miaka sabini, aliomba kitu kimoja tu: wasiing'oe siti ya nyuma, alikozoea kukaa na marehemu mumewe, Yasuhei, wakipiga mayowe kama watoto.

Siku bango la treni mpya lilipofunuliwa, vijana walirukaruka. "Bibi, siti yako ipo! Wa kwanza kupanda ni wewe!"

Tokie alikuwa ameshasoma maandishi madogo ya chini. Aliyezidi miaka sitini na nne haruhusiwi.

"Haya, wajukuu zangu," alisema. "Mkikaa kule nyuma, pigeni mayowe ya watu wawili."