Nyumba Ndumilakuwili

Bibi yangu, mama mzaa baba, alihamia kijiji cha ujamaa huko Kisarawe akiwa na furushi lake, na furushi lile akakataa katakata kulifungua. Lilikaa pembeni mwa mlango tangu kupanda hadi kuvuna. Kila kukicha alikwenda mahame, kwenye kiwanja chake cha zamani, akafagia uwanja usio na nyumba, jioni akarudi amenuna. "Mvua zikikatika narudi kwetu," alisema. Kwetu wapi? Kulikuwa kumebaki nguruwe pori na mlango mmoja uliosimama peke yake kwenye fremu yake.

Wakati huo nilikuwa Kibaha, nachora ramani za nyumba. Baba akaniagizia: njoo uongee na bibi yako, sisi katushinda. Nikaenda na hasira zangu zote. Mwanamke wa umri ule akalale porini peke yake? Thubutu!

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kuitazama nyumba. Ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Imempa kaka yangu mgongo, basi."

Akanivuta mkono hadi uani. Nyumba zote za kijiji zilipangwa mstari mmoja, zikatazama barabara, kama agizo lilivyotaka. Nyuma kulikuwa na bonde, na kwenye bonde ndiko ilikopita njia itokayo kwa ndugu zake. Kaka yake, mzee mwenye mguu mbovu, alipopanda kutoka bondeni alikutana na choo, jiko na masufuria. Na kwetu mwanamume mwenye heshima zake hapiti uani kwa watu. Anayepita huko ni mwizi. Ilimbidi azunguke mstari mzima wa nyumba mpaka barabarani, na mguu ule. Alikuja mara moja, hakurudi tena.

"Aliyebaki wa kuniita jina langu la utotoni ni yeye tu," bibi alisema, akalia. Nami nikalia, niseme uongo wa nini.

Kuigeuza nyumba haikuwezekana. Nikachuchumaa, nikamchorea mavumbini kwa kijiti. Choo na jiko tuvisogeze ubavuni, tuvizungushie ua wa makuti. Paa tulirefushe kwa nyuma, tusimamishe nguzo, chini yake tufinyange baraza. Na mlango wa mahame tuubebe, tuutie pale pale. Bibi alitazama mchoro, kisha akauliza kama baraza litawatosha watu wawili wanene. Nikajua nimempata.

Baba na majirani walipoanza kukandika udongo, mwenyekiti wa kijiji akatokea.

"Nyumba gani hii ina mbele mbili? Hii ni ndumilakuwili! Kijiji hiki hakitaki ndumilakuwili!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi damu ikanichemka.

"Mwenyekiti, mstari wako si uko pale pale? Agizo lilisema nyumba itazame barabara, nayo inatazama. Halikusema huku nyuma ifumbe macho."

Akazunguka nyumba, akafumba jicho moja kuupima mstari, akauona umenyooka. Akaguna. "Haya. Ila wakija wakubwa, mimi sijaona kitu."

Jina la ndumilakuwili likabaki. Jirani wa pili alilitaja kwa kunong'ona, akiuliza kama na yeye naweza kumchorea.

Mzee tulimtumia habari, akaja Ijumaa baada ya swala. Alipanda pole pole kutoka bondeni, akauona mlango anaoujua, akasimama akiegemea fimbo.

"Hodi! Hapa ni nyuma au ni mbele?"

"Mbele, kaka! Pita mbele!"

Akacheka, akamwita kwa lile jina la utotoni. Bibi akaficha uso kwa kanga kama mwali, kisha akanigeukia kwa ukali.

"We mtoto, unashangaa nini? Mgeni akae chini? Nifungulie lile furushi, mkeka wake umo humo."