Bwana Afya Aliyewatafuta Wazima

Habari za msiba zimenifikia nikiwa kwenye foleni ya mkate pale mtaa wa Oli. Yule mzee tuliyemwita Bwana Afya, aliyekuwa akikagua mabucha na mikahawa ya Arua miaka ile ya utawala wa jeshi, ametutoka, na amekwisha kuzikwa kwao upande wa Ombaci. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulisalimiana njiani, akaniuliza hali ya mama, akaendelea na safari yake. Hata hivyo niliondoka kwenye foleni ile bila mkate, nikaenda kukaa peke yangu, maana bila mtu huyo nisingekuwa na mama wa kuulizwa hali.

Mama yangu alivuka kutoka Kongo kabla sijazaliwa, akajulikana mjini kwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mafuta ya mawese. Katikati ya miaka ya sabini aliitwa Koboko kupika kwenye harusi ya familia moja ya Waislamu. Nyama na wali walivishughulikia wenyewe, yeye akapewa sombe na ugali. Mimi, mwalimu wa shule ya Dadamu wakati huo, nilimsindikiza na masufuria yake. Tulikula mchana, na kabla jua halijatua ua mzima ulikuwa unatapika. Bibi harusi alibebwa hadi zahanati akiwa amelegea kama kitambaa. Nami nikiwa nimeinama nyuma ya jiko, tumbo likinikata, nilisikia mtu akipiga kelele: "Huyu mama ya Kongo ametia sumu!" Wakamfungia chumbani. Kaka wa bwana harusi akaapa kwamba asubuhi angekwenda kambini kuita askari. Siku hizo, mtu aliyepandishwa gari la jeshi hatukuuliza atarudi lini.

Asubuhi Bwana Afya aliwahi kufika kutoka Arua kabla askari hawajaitwa, kwa kuwa zahanati ilikuwa imemwita. Wakamletea wagonjwa, akawasikiliza mmoja mmoja, kisha akasema, "Hawa nimeona. Wazima iko wapi?"

"Wazima ya nini?" kaka wa bwana harusi alimaka. "Mwenye sumu iko ndani ya nyumba!"

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Askari akikuja, mimi siwezi kuuliza tena."

Sijui alipata wapi moyo wa kusema hivyo mbele ya watu waliokuwa na jamaa kambini. Aliuliza polepole, nyumba kwa nyumba, kila mtu alikula nini. Mabibi wasio na meno, waliokula ugali na sombe wakaiacha nyama, walikuwa wazima. Watoto waliopewa wali mtupu walikuwa wakicheza. Wageni waliochelewa, wakakuta sombe imekwisha wakala nyama, walikuwa wamelala mikekani wakiugua. Ndipo akauliza habari za nyama. Ilichemshwa alfajiri, ikakatwakatwa kwa mkono, ikafunikwa ndani ya sufuria kubwa ikingoja wageni wakati joto linapanda. Na nani aliikata? Baba mkubwa wa bwana harusi, mwanajeshi wa zamani, mtu wa heshima zake. Bwana Afya alimwita kando, mbali na masikio ya watu. Nilimwona mzee akifungua kitambaa kidoleni, na kidole kimevimba usaha. Bwana Afya akamweleza kwamba uchafu wa kidonda huingia katika nyama, hukua kwenye joto, wala hautoi harufu.

Mzee angeweza kukifunga kitambaa chake akanyamaza. Badala yake alirudi uani, akauinua mkono ule juu. "Fungua huyu mama. Sumu hakuna. Ni hii kidole yangu." Mama alipotoka akamwambia, "Dada yangu, nisamehe."

"Nimesamehe, mzee," mama alijibu. "Lakini hiyo kidole iende dispensari sasa hivi."

Wagonjwa wote walipona, na bibi harusi naye. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapika katika harusi za wajukuu wake. Nimekutana na watumishi wengi wa serikali, wengine wakali, wengine wapole, lakini sijaona tena mtu aliyeifanya kazi yake kwa utulivu namna ile wakati hofu imewashika wenye nguvu na wanyonge sawasawa. Hasira hasara, tunasema, ila wakati wa hofu huwa tunawasahau wahenga wetu. Tukipatwa na janga tunakimbilia kuuliza ni nani anayetuchukia, na jibu huwa tayari: mgeni, jirani, mwenye lugha nyingine. Bwana Afya alitufundisha tuanze kwa kuuliza tulikula nini. Nami nashukuru kwamba kulikuwa na mtu wa kuuliza.