Gurudumu la Mkaratusi

Enzi zetu, sisi wazee wa darasa la nane, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Alipewa mti, panga butu na onyo asijikate. Nacheka nikiwaona hawa wa darasa la pili wakivuta vigari vya magurudumu ya bati, shati safi, kidole gumba hakijawahi kuonja nyundo. Hao ni watoto au makarani?

Laini yetu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ilikuwa kwenye shamba la ngano karibu na Njoro. Asubuhi ilinukia moshi, maziwa na grisi ya trekta. Grisi tuliichota kwa kijiti dereva akinywa chai, tukaipaka ekseli ya kigari chetu cha mbao. Fundi mkuu alikuwa rafiki yangu Kipkemoi, mdomo umejaa misumari kama seremala mzima. Na kazi aliijua. Ncha ya msumari aliigonga kwanza ipungue makali, ubao usipasuke. Akipigilia karibu na ukingo, alitoboa kwanza kwa chuma cha moto. Nyinyi mnaojaribu useremala likizo hii, shikeni hayo mawili.

Magurudumu ndiyo yaliyomshinda. Alikata gogo bichi la mkaratusi vipande vya duara, kama mtu anayekata nduma. "Duara ameshalitengeneza Mungu," akasema, "sisi ni nani tulichonge?"

Wakati huo tulikuwa tumeshawatukana watoto wa stesheni ya reli mpaka wakakubali mashindano: kutoka ghala la ngano mpaka mtoni, na watakaoshindwa wawachotee maji mama za washindi likizo nzima. Kwa mvulana wa siku zile, kuliko kuonekana na debe kichwani, afadhali kiboko.

Kabla ya siku kufika, jua likakausha gurudumu moja likapasuka kutoka moyoni mpaka ukingoni. Kipkemoi hakutishika. Alililaza ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, asubuhi ufa ukawa umejifunga.

"Mmeona? Limepona!"

Tukaamini. Tukateremka kilima tukipiga kelele, vumbi machoni, tukiongoza kabisa! Nyuma yetu Barasa, mkubwa wa watoto wa stesheni, alibebwa na magurudumu mabaya kama uji ulioungua, ila yalichongwa kwa mbao kavu, mbili mbili zimepigiliwa kwa kukingamana zisipasuke. Katikati ya kilima gurudumu letu "lililopona" likalia pah! Sisi tukaingia kwenye majani. Nusu ya gurudumu ikaendelea peke yake mpaka mtoni.

"Limefika la kwanza!" Kipkemoi akapiga kelele, domo limejaa mchanga. "Tumeshinda!"

"Sawa," Barasa akasema. "Hilo lipumzike. Nyinyi chukueni debe."

Tulichota. Wasichana walikuja kututazama kama sinema. Siku ya tatu mama yangu alinikuta njiani na debe la watu. "Kumbe hiyo shingo inabeba? Mimi nilidhani ulizaliwa nayo imevunjika." Tangu jioni ile maji ya kwetu ni yangu, mpaka leo, na ndevu zangu hizi.

Siku hizi bati halipasuki. Watoto wanateremka kilima, wanafika wote, hakuna anayecheka wala kulia. Na mama zao wanapandisha kilima kile kile na debe kichwani, peke yao.