Maharage ya Chemchemini

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa hapa Daa, Karatu, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilipoamka na panga kali na akili kidogo sana.

Mwanangu, nilikuwa nimeoa mwaka huo, nikataka baba mkwe aone kwamba binti yake hakuolewa na mvivu. Ardhi yenye unyevu ilikuwa moja tu, pale kwenye chemchemi, ambako tangu enzi za mababu hakuna aliyekata mti. Mimi nikafyeka upande wote wa juu, nikapanda maharage. Yakaota vizuri hata nikawa napiga mluzi njiani.

Kabla hayajatoa maua, maji yakapungua. Kina mama wakawa wanateka kwa kikombe, na ndama wa majirani wakirudi nyumbani na kiu. Nilijua ni mimi, nikanyamaza. Kwetu Wairaqw, mharibifu wa namna hiyo hutengwa: hapewi hata kaa la moto, wala hakuna anayekanyaga shambani kwake kumsaidia. Niliogopa, tena sana.

Bibi Sabina, jirani yetu mjane, akanifuata shambani jua likiwa la utosi. Hakunisalimia.

"Weka mkono chini," akasema.

Nikaweka. Udongo ulikuwa unachoma. Akanivuta hadi kwenye miti michache niliyoibakiza upande wa chini.

"Na hapa?"

"Hapa ni baridi, Bibi."

"Basi umeona ulichotufanyia. Nenda kawaambie wazee mwenyewe, kabla sijawaambia mimi."

Nikaenda. Wazee walinifokea mpaka nikatamani kulia, ila kwa kuwa nilikwenda kwa miguu yangu hawakunitenga. Waliniamuru ning'oe maharage yote na kurudisha miti ya asili. Mke wangu alicheka wiki nzima. Miche ile niliimwagilia viangazi vitatu kwa maji ya kupandisha kutoka korongoni, na polepole chemchemi ikarudi. Hadi leo tunakunywa hapo, na kila nikipita moyo wangu unatulia.

Lakini joto la siku hizi, mwanangu, si la shamba moja. Mbu wamepanda hadi huku kwetu kwenye baridi, na mvua za vuli zinakuja zikijisikia. Moshi wa viwanda vya mbali mimi siuwezi, na sikufichi, nina hofu kwa ajili yako. Hata hivyo, usikate mti wa chemchemini, hata shida ikubane vipi. Na ukikosea, sema mapema, kwa sababu maji hayakusubiri umalize kuona aibu. Wakubwa wenye viwanda nao waambie hivyo hivyo, bila woga. Wewe umesoma kuliko mimi.

Mungu akujalie miaka mingi, na ukifika umri wangu, asubuhi za Julai hapa Karatu ziwe bado zinakutetemesha kwa baridi.