Mbuzi wa Posa

Majirani zetu wa Mkongani ni Wakamba, Wakristo waliohamia kutoka bara. Sisi ni Wadigo, Waislamu. Tangu sijazaliwa, kila walipokuwa na sherehe walimwita Baba aje awachinjie, ili nyama iwe halali na sisi tule pamoja nao. Mwalimu alipotufundisha umoja wa taifa, mimi nilidhani anazungumzia jambo hilo.

Mikono ya Baba ilipodhoofika, kazi ikawa yangu.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi uliopita, vikaratasi viliokotwa barabarani: watu wa bara warudi kwao. Aliyeviandika hakujulikana. Jumamosi hiyo jirani alikuwa na wageni wa posa ya bintiye, akaniita asubuhi.

Nilikaa kitandani, kisu mapajani. Nikajiona nikikatiza shamba, mwanamume wa Kidigo mwenye kisu, nikielekea nyumba ya mtu wa bara. Watoto wakikimbia je? Nikikifunga kwenye gazeti? Kisu kilichofichwa ni kibaya zaidi. Mwishowe nilikiacha, nikaenda mikono mitupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Digirii." Alizoea kunitania hivyo tangu nihitimu nikakosa kazi. "Kisu iko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani. Kwa hali ilivyo, nimeona..."

"Hali gani?"

Mkewe alikuwa akichagua mchele. Mikono yake ilisimama.

"Wamemkataza," alimwambia mumewe, kana kwamba mimi sipo.

"Hakuna aliyenikataza, mama. Nipeni chenu tu, nichinje."

Mzee alitazama barabarani, kisha akanitazama mimi. "Rudi nyumbani, kijana. Usijiletee shida na watu wako."

Watu wako. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Ningeweza kukimbia nikilete kisu, si mbali. Lakini nilisimama nikipima kama kurudi mbio nacho hakutazidisha mambo. Nilipokuwa bado nikipima, mbuzi alilia nyuma ya nyumba, mara moja, akanyamaza.

Nyumbani Mama alikuwa amepika wali bila kitoweo, kama kawaida ya siku za sherehe za majirani, akingojea nyama yao.

"Ulisoma bismillahi?" Baba aliuliza.

"Nilisoma."

Nikakaa mlangoni. Harufu ya nyama ilipofika kwetu, niliomba, kwa mara ya kwanza maishani, majirani wasituletee kitu.